Muziki mzito unapompendeza asiyeutarajia

Wapo wasikilizaji ambao kwa miaka mingi wamejua wazi wanachokipenda, iwe ni kwaya, jazi, dansi, nyimbo za mapenzi zenye sauti laini au okestra, na wamejua wazi vilevile wasichokipenda, yaani magitaa yanayonguruma, ngoma zinazopigwa kwa kasi isiyofuatika na mwimbaji anayefoka badala ya kuimba. Msikilizaji wa namna hiyo anapokutana na wimbo wa hevi metali bila kuutafuta, pengine ndani ya mchezo wa kompyuta au kwa sababu programu ya muziki imeendelea kucheza yenyewe, kisha akajikuta hauzimi, akauacha uishe na hata kuurudia, jambo la kwanza linalompata ni mshangao, na mara nyingi mshangao huo huandamana na haya kidogo. Maelezo anayojipa ni kwamba ladha yake imebadilika. Kwa maoni yangu maelezo hayo hayatoshi, na katika hali nyingi si sahihi. Ladha yake iko palepale, ila imekikuta kitu ilichokizoea mahali ambapo haikuwahi kutafuta. Ili kuelewa kwa nini haikutafuta huko, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kile ambacho sikio hukikataa, na kile ambacho jamii imekwisha kukikataa kwa niaba ya sikio.

Tuanze na sikio, kwa kuwa huko ndiko uzito wenyewe unakotoka. Sauti ya gitaa la umeme ikipitishwa kwenye amplifaya kwa kiwango ambacho mtambo unakimudu, wimbi la sauti hutoka likiwa na umbo lake. Ikisukumwa kupita kiwango hicho, vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokatwa vilele hubeba masafa mapya, yaani kasi nyingine za mitetemo, ambayo hayakuwamo katika uzi uliopigwa. Hapo zamani jambo hili lilihesabiwa kuwa hitilafu ya mtambo. Mmarekani Link Wray alitoboa spika ya amplifaya yake ili aipate hitilafu hiyo kwa makusudi katika rekodi iliyotoka mwaka 1958, na mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, bendi ya Uingereza, aliichana spika yake kwa wembe kwa lengo hilohilo. Tangu hapo mkwaruzo, yaani sauti hiyo ya wimbi lililokatwa vilele, umekuwa sehemu ya ala yenyewe.

Mkwaruzo huo una tabia moja inayoeleza mengi. Mpigaji akipiga noti mbili kwa pamoja, moja ya mitetemo 110 kwa sekunde na nyingine ya mitetemo 165, amplifaya iliyolemewa huzalisha pia tofauti iliyo kati yake, yaani mitetemo 55, ambayo ni noti ya chini kuliko zote mbili na ambayo hakuna uzi uliopigwa kuitoa. Ndiyo sababu gitaa moja lenye mkwaruzo husikika pana na zito kuliko linavyostahili, na ndiyo sababu wapigaji wa muziki huu hupenda kuzipiga noti mbili tu zilizoachana kwa uwiano huo wa mbili kwa tatu. Wakiongeza kati yake noti ya tatu, ile ambayo kwa kawaida huupa wimbo sura ya furaha au ya huzuni, masafa mapya huwa mengi, hugongana, na noti zenyewe hupotea. Muziki ambao walio nje yake huuona kuwa fujo umejengwa, kwa kiasi kikubwa, juu ya nidhamu ya kujinyima noti.

Uzito huo ulipata sura yake ya kudumu mjini Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpigaji gitaa wa Black Sabbath, bendi ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970 na ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha hevi metali, alipoteza ncha za vidole viwili katika ajali ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimpe taabu kuzibana. Nyuzi zilizolegezwa hushusha sauti, na sauti iliyoshuka ikawa alama ya bendi nzima. Waliomfuata, ambao vidole vyao ni vizima, wameendelea kulegeza nyuzi hadi leo, wengine wakishuka chini kuliko yeye alivyowahi kushuka.

Sasa turudi kwa msikilizaji. Mwaka 2015 watafiti wa ubongo Luc Arnal, David Poeppel na wenzao walichapisha utafiti kuhusu mayowe ya binadamu, nao walionesha kwamba kinachoyatenganisha mayowe na sauti nyingine si ukubwa wake tu, wala si wembamba wake, bali ni mkwaruzo, yaani kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Katika mazungumzo ya kawaida mabadiliko yanayobeba maana ni ya polepole zaidi, machache tu kwa kila sekunde, na eneo lile la kasi huachwa karibu tupu kana kwamba limetengwa kwa ajili ya dharura. Sauti za eneo hilo huiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba mitetemo 55 tuliyoitaja hapo juu inaangukia ndani ya eneo hilohilo. Gitaa lenye mkwaruzo na sauti ya mwimbaji anayenguruma hubisha hodi kwenye mlango ambao mwili umeuweka kwa ajili ya kilio cha mtu aliye hatarini. Anayesema kuwa muziki huu unamsumbua mwilini, kwa hiyo, hasemi ujinga wala hajifanyi. Anaripoti kwa usahihi kinachompata.

Swali gumu ni jinsi usumbufu huo unavyoweza kugeuka kuwa raha. Jibu ninaloliona kuwa bora limetolewa na David Huron, mtaalamu wa muziki na saikolojia, katika kazi yake ya mwaka 2006 kuhusu matarajio. Kwa ufupi, ubongo hujibu mara mbili. Jibu la kwanza ni la haraka na la woga, kwa kuwa kosa la kuogopa bure ni nafuu kuliko kosa la kutoogopa panapostahili. Jibu la pili ni la polepole na lenye kupima, nalo hutambua kwamba hakuna hatari yoyote, ni magitaa tu. Umbali kati ya majibu hayo mawili ndio unaozaa raha, na kadiri jibu la kwanza lilivyokuwa kali ndivyo nafuu ya jibu la pili inavyokuwa kubwa. Paul Rozin, mwanasaikolojia aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu hupenda pilipili ilhali ndimi zao zinaungua, ameeleza jambo la jamii hiyohiyo: binadamu hufurahia mwili wake unapopiga kengele ya hatari huku akili ikijua kwamba hakuna moto. Hapa mshangao wa msikilizaji mgeni unapata maana yake. Yeye ndiye ambaye jibu lake la kwanza ni kali zaidi, kwa sababu hakujiandaa, na kwa hiyo ndiye anayeweza kupata nafuu iliyo kubwa zaidi. Shabiki wa miaka ishirini amekwisha kuipoteza sehemu hiyo ya raha, ingawa amepata nyingine.

Hata hivyo nafuu peke yake isingemfanya mtu aurudie wimbo, kwa maana mshtuko huchuja. Ni lazima awe amesikia kitu ndani yake. Mwanasaikolojia wa Kanada Albert Bregman, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1990, alieleza namna sikio linavyopokea mawimbi yote yakiwa yamechanganyika na kisha ubongo ukayagawa upya katika mikondo, huu wa sauti ya mtu, huu wa ngoma, huu wa ala. Mgawanyo huo hutegemea dalili fulani, na muziki mzito huzificha nyingi kati ya dalili hizo. Magitaa mawili hupiga kitu kimoja kwa pamoja, gitaa la besi huyafuata, ngoma kubwa hugongwa kwa miguu miwili kwa kasi inayokaribia kuwa mngurumo mmoja, na mkwaruzo huijaza nafasi yote iliyobaki. Asiyezoea husikia ukuta. Aliyezoea husikia watu wanne au watano wanaojibizana. Jambo la kupendeza ni kwamba ukuta huo mara nyingi hupasuka ghafla: msikilizaji anaitambua ngoma, au anakifuata kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, kile ambacho wapigaji hukiita rifu, na akishaukamata mkondo mmoja mingine hujipanga yenyewe kuuzunguka. Wimbo haukubadilika kati ya dakika ya pili na ya tatu. Sikio ndilo lililofanya kazi.

Sauti ya mwimbaji ndicho kizuizi cha mwisho, na kwa wengi ndicho kikubwa zaidi. Mngurumo wa mtindo wa deth metali, ambao ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 hasa katika jimbo la Florida, Marekani, husikika kama koo linaloraruliwa, lakini waimbaji waliofunzwa vizuri hutegemea zaidi mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ile ambayo katika uimbaji wa kawaida hukaa kimya. Mikunjo hiyohiyo hutumika katika uimbaji wa kooni wa Watuva wa kusini mwa Siberia, ambao wapenzi wa muziki wa asili huusikiliza kwa heshima kubwa na bila kulalamika. Kuhusu maneno kutosikika, sidhani kama hilo ni pingamizi la kweli. Mtu anayependa opera ya Kiitaliano bila kujua Kiitaliano amekwisha kukubali kwamba sauti ya binadamu inaweza kupendwa kama ala, na akikumbuka hilo atasikia kwamba mngurumo pia hupanda, hushuka na hukata maneno kwa mapigo, kama ngoma ya pili.

Ninaposema kwamba ladha hukikuta kitu chake, nina maana iliyo wazi kabisa. Muziki mzito si mtindo mmoja, na kila tawi lake lina ukuta unaopakana na nyumba ya mtu mwingine. Mpenzi wa jazi ambaye raha yake ni mapigo yanayogombana atasimama kwenye Meshuggah, bendi ya Uswidi ambayo magitaa yake huzunguka kwa idadi isiyogawanyika kwa nne huku sinia za ngoma zikihesabu nne bila kuyumba, hivyo kwamba mizunguko miwili huachana, hupotezana na kukutana tena baada ya mapigo mengi. Mpenzi wa muziki wa Ulaya wa karne ya 18 atamtambua mpigaji gitaa Yngwie Malmsteen, Mswidi mwingine, ambaye ngazi zake za noti zimetoka moja kwa moja kwa wapiga fidla wa zamani. Wala si ajabu kwamba Wafinlandi wanne wa Apocalyptica walitoa mwaka 1996 albamu nzima ya nyimbo za Metallica, bendi ya metali ya Marekani, iliyopigwa kwa selo tupu, ala kubwa za jamii ya fidla, na nyimbo zikasimama imara bila ngoma na bila mwimbaji. Anayependa muziki wa taratibu wa kutafakari atakaa vizuri na duumu, tawi ambalo mapigo yake ni ya polepole kiasi kwamba kati ya noti moja na nyingine kuna nafasi ya kuwaza. Mpenzi wa ala za asili ana The HU kutoka Mongolia, wanaochanganya mkwaruzo wa metali na uimbaji wa kooni pamoja na morin khuur, ala ya nyuzi mbili inayopigwa kwa upinde. Katika kila hali hizi msikilizaji hakuiacha ladha yake mlangoni; aliingia nayo, na ndiyo iliyomwonesha pa kukaa.

Kama milango ni mingi kiasi hicho, kwa nini kufika kwake kunamshangaza? Hapa ndipo jamii inapoingia. Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani Bethany Bryson alichapisha uchambuzi wa takwimu za kitaifa za mwaka 1993 kuhusu aina za muziki ambazo Wamarekani walisema hawazipendi. Aliona kwamba watu wenye elimu zaidi huchukia aina chache za muziki kuliko wengine, jambo linaloonekana kuwa uvumilivu, lakini uvumilivu huo una mpaka: aina wanazoendelea kuzikataa ni zile ambazo mashabiki wake wana elimu ndogo zaidi, na hevi metali ilikuwa miongoni mwake. Kwa maneno mengine, mtu anaposema kwamba anasikiliza kila kitu isipokuwa metali, huenda hasemi lolote kuhusu sauti. Anasema ni watu gani asingependa kuhesabiwa pamoja nao. Kukataa kwa namna hiyo hakuhitaji kusikiliza, na ndiyo maana kunaweza kudumu miaka mingi bila kujaribiwa, kisha kukaanguka kwa wimbo mmoja uliosikika kabla ya mtu kujua unaitwaje. Programu za muziki zinazopanga nyimbo zenyewe zimesaidia hapa bila kukusudia, kwa sababu humletea mtu sauti kabla ya jina.

Sifa mbaya ya muziki huu ina historia yake. Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Seneti ya Marekani ilifanya kikao kuhusu maneno ya nyimbo, baada ya kundi la wazazi wenye ushawishi kudai kwamba nyimbo za roki na metali zinawaharibu watoto, na matokeo yake yakawa lebo ya tahadhari kwa wazazi tunayoiona kwenye albamu hadi sasa. Dee Snider wa bendi ya Twisted Sister alifika mbele ya maseneta kuutetea muziki wake, na pamoja naye, jambo ambalo wengi wamelisahau, alifika John Denver, mwimbaji wa nyimbo laini kabisa, naye pia akapinga udhibiti wa nyimbo. Utafiti uliofuata miaka ya baadaye haukuunga mkono hofu ile. Peter Rentfrow na Samuel Gosling, waliochapisha mwaka 2003 uchunguzi wao kuhusu uhusiano wa tabia na muziki, walikuta kwamba wapenzi wa muziki mkali hujitofautisha zaidi kwa udadisi na uwazi wa mawazo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walilionesha kila jicho la mshiriki picha tofauti, moja ya ukatili na moja ya kawaida, ili kuona ni ipi ambayo ubongo ungeipa kipaumbele. Mashabiki wa deth metali waliishtukia picha ya ukatili sawa na watu wengine. Muziki haukuwatia ganzi.

Kuna utafiti mmoja unaotajwa sana ambao ningependa usomwe kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwakasirisha makusudi wasikilizaji 39 kwa mahojiano kuhusu mambo yaliyokuwa yakiwaudhi, kisha wakawaacha baadhi yao wasikilize muziki mkali waliouchagua wenyewe na wengine wakae kimya. Waliosikiliza hawakuzidi kukasirika; uhasama na msongo vilipungua kama kwa waliokaa kimya, na juu ya hayo walijisikia kuwa na ari zaidi. Watu huuchukua utafiti huu kana kwamba unathibitisha kuwa metali humtuliza kila mtu. Hauthibitishi hivyo, kwa sababu washiriki walikuwa tayari ni wapenzi wa muziki huo, na mapigo yao ya moyo hayakushuka wakati wa muziki. Unachokionesha ni cha kuvutia zaidi: mwili unaweza kubaki umechangamka huku hasira ikiondoka. Msikilizaji mgeni anayejishangaa kwa kujisikia vizuri baada ya dakika kumi za kelele huenda anaonja jambo hilo, lakini hilo bado ni kisio, na nalisema kama kisio.

Wengine watajibu kwamba yote haya ni mazoea tu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila faida yoyote, hutosha kuongeza kupendezwa nacho, na mwanasaikolojia mwenzake Daniel Berlyne akaongeza baadaye kwamba raha hupanda kadiri ugumu unavyoongezeka hadi kufikia kiwango fulani, kisha hushuka. Mazoea husaidia kweli, lakini hayamwelezi mtu aliyependa mara ya kwanza, na tena yana masharti: kitu ambacho mtu alikichukia tangu mwanzo, kikirudiwarudiwa, kinaweza kumchukiza zaidi. Rafiki anayemlazimisha mwenzake asikilize albamu ileile kila siku ili aizoee kwa kawaida huharibu kazi.

Ukubwa wa sauti una nafasi yake pia. Watafiti Neil Todd na Frederick Cody walionesha mwaka 2000 kwamba sauti nzito zinapozidi takriban desibeli 90 huisisimua pia ile sehemu ya sikio la ndani inayohusika na mizani ya mwili, si usikivu peke yake, na hapo ndipo hisia ya kubebwa na muziki kama mtu aliye kwenye pembea inapotokea. Hili hueleza kwa nini mtu anaweza kuuona wimbo kuwa butu nyumbani na kuupenda mbele ya jukwaa. Ni lazima pia isemwe kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha usalama kwa mtu mzima, na kwamba kila desibeli tatu zinazoongezwa hukata muda huo nusu. Vizibo vya masikio havipunguzi raha hiyo kama watu wanavyodhani, kwa sababu sauti nzito hupita pia katika mifupa na kifua.

Linalobaki ni mipaka ya kupenda huko, na mipaka hiyo huwasumbua wengi bila sababu. Aliyeupenda wimbo mmoja hudhani kwamba sasa anapaswa kuipenda familia nzima, hujaribu bendi tano alizopendekezewa, hukuta nne hazimfai, kisha huhitimisha kwamba alijidanganya. Lakini ndani ya muziki mzito kuna wimbo wa Napalm Death, bendi ya Uingereza, wa mwaka 1987 unaokwisha kwa sekunde moja na kidogo, na kuna wimbo wa Sleep, bendi ya California, unaozidi saa moja bila kukatika. Mashabiki wa wimbo mmoja mara nyingi hawawezi kuuvumilia ule mwingine, na hakuna anayewavua uanachama. Mgeni aliyeingia kwa mlango wa duumu kwa sababu anapenda polepole hana haja ya kuifukuzia kasi, na aliyeingia kwa sababu ya selo nne za Finland anaweza kubaki na selo hizo.